Kitabu cha Karanga cha Mama Getruda

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Bi. Getruda Machibya anastaafu rasmi baada ya kuuza tiketi za kivuko kwa miaka thelathini na minne na miezi minne. Alianza kazi tarehe 1 Machi 1991 upande wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kwenye kibanda cha mabati chenye dirisha moja na stuli ya miguu mitatu ambayo zamani ilikuwa na minne. Anamaliza akiwa Mkuu wa Kitengo cha Tiketi upande wa mjini, kwenye ofisi yenye feni. Katika muda huo amevusha watu wengi kuliko nahodha yeyote, ingawa yeye mwenyewe hajui kuogelea na hapendi kusimama karibu na ukingo.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Nestory Shimba wa karakana, kazi ya kuandika wasifu wake katika kijitabu hiki. Nimepewa kwa sababu tumefanya kazi pamoja miaka ishirini na sita, na kwa sababu wengine wote waliogopa. Mama Getruda husoma kila kitu kilichochapwa, hata karatasi ya maelekezo ndani ya boksi la dawa, na akikuta kosa hulizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Tangazo letu la majaketi ya kuokolea lilirudishwa karakana mara tatu kabla halijabandikwa. Humu pia atakuta makosa, na ninamwomba kwa leo tu kalamu ibaki kwenye mkoba.

Alizaliwa Nyamatongo, mtoto wa nne wa mkulima wa pamba aliyekuwa na ng'ombe wachache na maneno mengi. Baada ya kidato cha nne alikuja kuomba kazi kwetu akiwa amevaa viatu vya dada yake. Mwaka 2001 alihamishiwa upande wa mjini, na mwaka 2013 akapewa kitengo. Yeye ndiye aliyedai liwekwe benchi la mbele kwa ajili ya wagonjwa na wajawazito wanaovuka kwenda hospitali, kisha akasimama langoni mwenyewe wiki mbili kuhakikisha halikaliwi na vijana wenye afya zao. Ilipokuja mashine ya tiketi, wenzake wengi walianza kuulizia uhamisho. Mama Getruda alikaa na kitabu cha maelekezo siku tatu, akakimaliza, akasema mashine ni nzuri lakini aliyeandika kitabu alikuwa na haraka ya kwenda kula. Kisha akatufundisha sote.

Kwa haki, lazima niseme na kosa lake. Mwaka 2004, akiwa amezama kwenye riwaya aliyoificha chini ya meza, alimpa mwalimu wa kwaya tiketi ya ng'ombe. Mwalimu hakuisoma. Alipofika langoni, mkaguzi akamuuliza kwa heshima zote ng'ombe wake yuko wapi. Kivuko kilichelewa dakika kumi kwa sababu abiria walikuwa wanacheka, na mwalimu, ambaye leo ni mzee wetu na yumo ukumbini, bado ana tiketi hiyo nyumbani kwake Butimba.

Riwaya hiyo ndiyo inayonileta kwenye jambo ambalo wengi mmekuja kulisikia. Chini ya dirisha la Mama Getruda kuna katoni ya sabuni, na ndani ya katoni kuna vitabu. Mfanyakazi au abiria, yeyote anaazima. Halipi kitu, haandiki jina. Ila siku ya kurudisha haruhusiwi kusema kitabu ni kizuri wala kibaya. Mama Getruda humuuliza swali moja tu: nani humo ndani usingependa awe jirani yako? Ukishajibu, anakuwa amekujua, na kitabu kinachofuata anakuchagulia yeye.

Nahodha Ngosha hupenda vitabu vya vita, na kila mara hujibu kwamba hataki kukaa karibu na jenerali, kwa sababu majenerali huamka mapema na kupiga kelele. Gladness wa mapokezi husoma vitabu vya mapishi peke yake. Aliwahi kujibu kwamba hamtaki mwandishi mwenyewe, maana mtu anayetumia mafuta kiasi kile atakuja kuazima. Mimi nilijitia ujanja. Niliazima kitabu cha sayari nikasema kule hakuna majirani. Adhabu yangu ikawa riwaya nene ya mapenzi. Niliisoma nikiwa nimejificha kwenye chumba cha injini, nikalia kidogo, nikasingizia moshi.

Lakini kitabu ambacho Mama Getruda anakipenda kuliko vyote hakina jalada, hakina jina, na hakijulikani nani alikiandika. Alikipata mwaka 1993 pale Kamanga kwa kununua karanga. Muuzaji alikuwa Bi. Roza Owuor, mwenyeji wa Shirati, ambaye sisi wote tunamwita Mama Ogweno. Alikuwa anafunga karanga zake kwa karatasi za vitabu vikuukuu, kama wafanyavyo wauza karanga wote. Mama Getruda alikula karanga, akasoma karatasi, akarudi kununua nyingine. Kabla jua halijazama alikuwa amenunua kilichobaki chote, karatasi na karanga zake, na kesho yake alikuja kazini tumbo linamuuma. Kitabu kinaanzia ukurasa wa 11 na kinaishia ukurasa wa 168.

Kwa wale ambao hawajakiazima, kinamhusu mwanamke anayeitwa Sabina. Anakwenda kuuza chakula mgodini na kumwachia jirani yake ufunguo wa nyumba. Anarudi baada ya miaka miwili. Jirani, ambaye amezeeka na hana mtu, anamwambia ufunguo ameuweka mahali hapakumbuki, aje kesho. Kesho inakuwa hivyo hivyo. Sabina analala kwa shangazi yake, kila siku anakuja, anapewa chai, wanazungumza, anaambiwa aje kesho. Siku ya kumi na moja jirani anautoa ufunguo kifuani mwake na kuuweka mezani. Ukurasa wa 168 unaishia hapa: "Sabina akauchukua ufunguo, akageuka, akamtazama jirani yake, akasema"

Zaidi ya hapo hakuna. Mama Ogweno alisema kurasa zilizofuata zimekwishaondoka na abiria na karanga zao, ziko njiani kwenda Sengerema.

Ndipo ilipoanza desturi yetu. Kila anayekisoma kitabu hicho lazima ampe Mama Getruda maneno ya Sabina, naye huyaandika kwenye daftari. Nahodha Ngosha alisema Sabina aliuliza kama umeme umelipiwa. Gladness alisema aliomba chai nyingine kwa kuwa ile ilikuwa na sukari kidogo. Daftari lina majibu sitini na tatu, na baadhi ya walioyatoa wametangulia mbele za haki. Na kwenye swali la jirani hatujawahi kutofautiana. Sote sitini na tatu tulisema hatumtaki yule mwenye ufunguo, ni mwongo na anapotezea watu muda. Ni Mama Getruda peke yake aliyemtetea. Mara zote alitujibu kwamba huyo angekaa naye ukuta kwa ukuta.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Mama Ogweno mwenyewe. Maana muuza karanga huyu naye alianza kusoma kabla ya kufungia karanga, na baada ya mwaka mmoja alikuwa anaazima kwenye katoni kuliko sisi wenye mishahara. Alipenda riwaya za upelelezi, na muuaji alimjua mapema akakutajia bila kuombwa. Kwa miaka thelathini na miwili wawili hawa wamebishana juu ya Sabina. Mama Getruda husema Sabina alicheka akakaa tena. Mama Ogweno husema alimtukana yule bibi, akaenda zake, asionekane tena. Wamebishana mvua ikinyesha, wamebishana msibani, na siku moja walibishana kupitia simu mpaka salio likaisha, Mama Getruda akaweka lingine ili amalizie sentensi. Mama Getruda alipohamishiwa upande wa mjini, Mama Ogweno alianza kuvuka kila Jumanne na beseni lake la karanga. Tuliamini anafuata wateja.

Mwezi wa tatu kamati ilikaa kufikiria zawadi. Mtu akasema jokofu, mwingine vitenge. Mimi nikasema tumtafutie kitabu kizima. Wakakubali haraka kuliko walivyowahi kukubali neno langu lolote. Nilikwenda kwa wauza vitabu vya mitumba Mabatini, nikawaambia natafuta kitabu nisichokijua jina wala mwandishi, mmoja akaniuliza kama nimekunywa chai. Nilikwenda kwa walimu wastaafu Butimba. Walinisikiliza kwa adabu, na wawili wakanipa maneno ya Sabina ya kuongeza kwenye daftari. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nimekata tamaa.

Habari zilikuwa zimemfikia Mama Ogweno. Akaniita kwake Kamanga. Nilimkuta barazani, akanisikia hatua kabla hajaniona, kwa sababu macho yake sasa yana mtoto wa jicho na herufi haziko tena kwake. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniambia nikae. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga mapajani. Ndani ya kopo kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko karatasi sita zilizofungwa kwa uzi wa nyavu. Ya juu ilikuwa na namba 169.

Yeye ndiye aliyesema, na ameniruhusu niandike alivyosema.

"Siku ile nilikuwa mgeni hapa, sina mtu. Yule binti alikuwa wa kwanza kusimama akaongea na mimi kama mtu, si kama beseni. Ningempa mwisho, kesho yake angepita kwangu kufanya nini? Karanga zinauzwa kila mahali."

Alisema alikuwa amesoma mpaka mwisho siku hiyo hiyo, kwa kusuasua, na kwamba wazo alilipata humo humo kitabuni. Alikusudia kuzitoa baada ya wiki. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kadiri urafiki ulivyokua ndivyo kopo lilivyozidi kuwa zito. Anajua tangu mwaka 1993 Sabina alisema nini, na miaka yote hiyo amebisha upande wa matusi kwa sababu hayo ndiyo aliyoyaogopa kuambiwa yeye. Nilimuuliza kwa nini asimwambie mwenyewe. Akasema amejaribu Jumanne nyingi, mdomo unamkatalia akiwa katikati ya maji. Tena sasa dirisha linafungwa, na Jumanne hajui atavuka kumfuata nani. Akaniomba niliandike jambo hili katika karatasi yetu hii, kwa kuwa kitu kikishachapwa Getruda lazima atakisoma mpaka mwisho.

Nimeandika. Kopo alinipa nije nalo kazini, ila sikufungua uzi. Nilishikwa na hamu, na Gladness alikuwa tayari na mkasi, lakini tumezirudisha karatasi koponi kama zilivyokuwa, na kopo tumemrudishia mwenyewe.

Mama Getruda, tunakushukuru kwa benchi la wagonjwa, kwa kalamu nyekundu, kwa katoni ya sabuni, na kwa kutufanya sisi watu wa grisi na kamba tukajua tunapenda nini. Katoni tutaitunza. Swali lako tutaliuliza kama ulivyotufundisha, na atakayejibu "kizuri" tutamrudisha nyumbani akasome upya. Nenda ukapumzike Nyamatongo ukiwa na afya na mwanga wa kutosha dirishani, nasi tukikuona langoni utapita bila kuulizwa ng'ombe.

Najua umefika hapa, maana huwa huruki mistari. Usigeuke kwanza. Tumemketisha Mama Ogweno kulia kwako kwa makusudi, na kopo liko chini ya kitenge chake. Haoni unavyosoma, lakini anasikia unavyofunua kurasa, na tangu ulipoufikia ukurasa huu sidhani kama amepumua vizuri. Kwa miaka thelathini na miwili umetuambia sisi sote kwamba jirani yule ungekaa naye ukuta kwa ukuta. Basi ndiye huyo. Kopo linawekwa mezani, na Bi. Getruda Machibya anageuka, anamtazama jirani yake, anasema