Sauti ya Baba Watoto

Mimi si mtu wa kutega sikio mambo ya watu, muulize yeyote. Siku ile tu ndiyo nilipitiliza kituo changu ndani ya basi, nisije nikakosa mwisho.

Mbele yangu mjane mmoja alimkuta fundi wake wa kompyuta, akaketi naye, laptopu ya marehemu mapajani.

"Mwanangu, nilikuomba uitie mfumo mpya iache kusuasua. Mbona imewaka kama haijawahi kutujua? Baba watoto alijirekodi akiwaaga wanawe. Sauti yake iko wapi?"

"Mama, uliileta tupu. Sikukuta sauti wala picha."

"Tupu? Usiku wa kuamkia siku ya kukuletea tulimsikiliza sote!"

"Mashine kuukuu, mama, zina vituko." Hapo nilijikohoza, maana kuukuu humo ndani nilikuwa mimi.

Mjane akaanza kulia bila sauti. Fundi moyo ukamlegea. "Jikaze, mama. Aliwaaga vizuri. Hata kikohozi kilipomkaba, hakuacha kuwataja mmoja mmoja."

Kilio kikakatika. "Nani alikuambia alikohoa?"

Basi likasimama. Fundi akashuka, na naapa hakikuwa kituo chake.