Bi Joto Awaaga Wapangaji Wake

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi sanifu wa maabara ya saratani, yule mnayemwita Bi Joto, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Wenzake wameniomba wasifu huu niuandike mimi mama yake. Shule niliishia la saba, lakini kwa mada hii sina mpinzani.

Alianza kwa kuosha chupa za maabara. Zilitoka zinang'aa, na mjue kuosha alijifunzia kwa nani. Baadaye akasoma, akarudi na cheti, akakabidhiwa kulea seli za saratani ya koo. Ndiyo, kulea! Anazilisha, anaziweka kwenye kabati lenye joto kama la mwili. Mwenyewe anaziita wapangaji: zinakula, zinazaana, kodi hazilipi.

Dawa ya saratani ni kali, inamwadhibu hata mgonjwa. Timu yake ikajiuliza: seli zikitiwa dawa huku zinapashwa joto la kuzidi homa, si zitakufa kwa dawa pungufu? Mara ya kwanza, nusu dozi pamoja na joto viliua seli nyingi kuliko dozi nzima peke yake. Maabara ikashangilia. Mimi nikatangaza mtaa mzima kwamba mwanangu kaponya saratani ya koo. Akanipigia simu mbio mbio: "Mama, ni seli kwenye kisahani! Hajapona mtu." Nikamwambia hata yeye alianza mdogo.

Waliporudia, ikagoma. Wakarudia tena, wapangaji wazima wa afya, wananenepa. Wakubwa wakasema likishindwa jaribio moja zaidi, utafiti wa joto unafungwa. Wiki hiyo mwanangu hakula. Najua, maana bakuli langu lilirudi limejaa.

Kumbe kilichowaponza ni ukarimu. Tangu ushindi ule, kila mpita njia alitaka kuona maajabu, na Bi Joto, kwa fahari (ya kurithi, sikatai), alikuwa akifunua beseni la maji moto lenye visahani na kuwaonyesha. Joto likawa linatoroka. Aligundua siku anamfunulia mhasibu, kipimajoto kikashuka wanakiangalia. Jamani, wali unaofunuliwa kila mara unaiva lini?

Jaribio la mwisho, akavuta kiti akaketi mbele ya beseni. Mkurugenzi akaja na wageni wake.

"Tuchungulie kidogo tu, Bi Joto."

"Bosi, leo hata wewe."

Wageni wakachungulia ukuta. Siku ya kuhesabu seli, wapangaji wengi walikuwa wameshahama dunia, kwa nusu dozi ileile. Wakarudia, ikakubali tena. Utafiti haukufungwa.

Hatua inayofuata inaanza mwezi ujao, yeye akiwa nyumbani. Juzi aliniuliza, sauti imemshuka: "Mama, hivi wataweza?" Nilikuwa nimekwenda kuwaona hao vijana aliowafundisha. Nikasogea kwenye beseni, nikanyoosha mkono, binti mmoja akaniwahi: "Bibi, shikamoo, lakini toa mkono." Mimi! Niliyemzaa Bi Joto!

Wataweza, mwanangu.

Maabara inakushukuru kwa ujana wako wote ulioutoa. Nenda salama, uzee wako uwe mtamu, na ulale mpaka jua likuamshe. Asubuhi ya kwanza nitakupigia simu kuhakikisha umelala.