Bi Zamfira na Ndoo Yake ya Bati

Tarehe 9 Machi mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minane, miezi mitano na siku kadhaa ambazo mhasibu bado anabishana nazo, Bi Zamfira Halchin, Mtabiri Mkuu wa Kituo cha Hali ya Hewa cha Gura Dunelor, anastaafu. Tarehe hiyo aliichagua mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilimwambia aondoke mwisho wa Februari, akakataa. Ikamwambia basi mwisho wa Machi, akakataa tena. Alitaka tarehe tisa na si nyingine. Sababu yake naijua, na kwa kuwa nimepewa mimi kazi ya kuandika wasifu huu, na hakuna aliyenipa masharti, nitaieleza.

Bi Zamfira aliripoti kazini Oktoba 1986 akiwa na shahada mpya, sanduku moja na mkoba mkubwa wa turubai. Sanduku hatujui liliishia wapi. Mkoba upo hadi leo. Kuanzia Machi hadi Mei, humo ndani mna mwavuli, glovu za sufu, miwani ya jua na soksi za akiba, na siku nyingi huvitumia vyote kabla ya chakula cha mchana. Wageni wakimwuliza majira ya kuchipua huku kwetu yakoje, huwafungulia mkoba waangalie wenyewe.

Alianza kama mtabiri wa zamu, akawa kiongozi wa zamu, kisha Mtabiri Mkuu. Alipata nishani moja, ambayo huitumia kuzuia dirisha lisigongegonge upepo wa kaskazini ukivuma. Ameona wakurugenzi saba wakija na kuondoka. Amefundisha watabiri kumi na wanne, na tisa kati yao walilia wiki ya kwanza. Mimi nilikuwa fundi wa ala za vipimo tu, kwa hiyo nililia wiki ya pili.

Si kwamba hakosei. Pasaka ya 2009 alitangaza jua, na watu wakaandika meza nje. Ikashuka mvua ya mawe, ikapasua mayai ya sikukuu, yale ya kupakwa rangi nyekundu, ya mji mzima pamoja na kioo cha gari la Padri Ilarion. Kesho yake alikwenda redioni mwenyewe, hakumtuma mtu, akasema, "Jana nilikosea. Asiniletee mtu habari za mayai, hata yangu yamevunjika." Baada ya hapo mji ulimpenda zaidi, jambo ambalo sisi wengine tuliokosea tukakaa kimya hatujalielewa hadi leo.

Sasa nije kwenye Siku za Mabibi. Kwa aliyehamia hapa juzi: kila mtu huchagua siku moja kati ya zile tisa za mwanzo wa Machi, na huichagua kabla haijafika. Siku hiyo ndiyo Bibi wake. Ikiwa na jua, mwaka wake ni wa jua, na roho yake ni nyeupe. Ikija na theluji ya matope, pole yake, na majirani watasema walijua siku zote. Fikiria basi maisha ya mtabiri katika mji wa namna hii. Kila mwisho wa Februari watu waliokuwa hawamsalimii Bi Zamfira mwaka mzima walianza kupanda ngazi zetu na mikate mitamu. Mke wa meya alileta keki ya njugu za jozi, ya ghorofa mbili. Padri Ilarion, ambaye mimbarini huzikemea sana imani hizi, alileta chupa ya mvinyo na kuuliza, kwa faida ya waumini tu, kama tarehe nne ingekuwa na upepo.

Bi Zamfira alipokea vyote. Aliwashukuru, akawakatia kipande cha keki yao wenyewe, akawaambia, "Chagua kwa roho yako, baba. Mimi hapa napima hewa, sipimi bahati." Kisha wakashuka ngazi mikono mitupu. Kanuni ya kituo inayokataza kumwuliza mtabiri wa zamu habari za Bibi aliiandika yeye, na haimkatazi mtabiri kula keki. Nimeisoma mara mbili kuhakikisha.

Bibi wake yeye mwenyewe hakuwahi kumtaja. Tumebashiri, tumewekeana dau la chupa, tumepekua kalenda yake. Hatukupata kitu.

Sasa ndoo. Kila siku saa moja asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, Bi Zamfira hushuka hadi mwisho wa gati akiwa na ndoo ya bati na kamba ya mafundo matano. Huitupa baharini, huivuta, hutia kipimajoto ndani na kusubiri dakika tatu akiwa ameukinga upepo kwa mgongo. Dakika hizo hazihesabu kwa saa. Hutaja majina ya wanaume waliowahi kumwambia kuwa ndoo imepitwa na wakati, na hivi karibuni imembidi ataje haraka haraka ili asipitilize. Jina langu lipo. Nilipofika hapa, mwaka 1997, nikiwa na miaka thelathini, sharubu na cheti chenye mhuri, boya letu la vipimo lilikuwa jipya. Lilikuwa linaelea mbele ya bandari na kutuma joto la maji ofisini kila saa. Nilimwambia, "Bi Zamfira, ndoo hiyo peleka nyumbani ukapandie maua." Alinitazama kuanzia sharubu kushuka chini, akaenda zake gatini.

Tarehe 9 Machi 1998 ilianza vizuri kupita kiasi. Saa mbili asubuhi watu walikuwa wamevaa mashati tu, bila makoti. Ilikuwa siku ya kuwakumbuka Mashahidi wa imani, na nusu ya mji ilishajaa gatini na nyundo za mbao, tayari kupiga ardhi ili baridi izame chini na joto litoke, kama tunavyofanya kila mwaka. Vile vikombe arobaini na vinne vya mvinyo ambavyo mila humtaka kila mtu anywe siku hiyo navyo vilikwisha kuanza. Wavuvi walikuwa wanapakia nyavu za samaki bapa. Ndipo Bi Zamfira alipopandisha bendera nyekundu na kuifunga bandari kwa sababu ya ukungu.

Ukungu wenyewe haukuwepo. Mlima wa upande wa pili wa ghuba ulionekana hadi mbuzi wake. Boya lilisema maji ni nyuzi kumi na moja. Ndoo ilisema nne. Hewa ya joto kama ile ikipita juu ya maji ya nyuzi kumi na moja, hakuna neno. Ikipita juu ya maji ya nyuzi nne, upepo ukishageuka kutoka baharini hutaona pua yako. Kwa hiyo siku nzima ilisimama juu ya swali moja: boya au ndoo. Bi Zamfira aliweka saini upande wa ndoo.

Saa nne mvuvi Terente Calistru alikuja kusimama chini ya dirisha letu, akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye maua ya ofisi. Tarehe tisa ilikuwa Bibi wake, na hakuwahi kupata Bibi mzuri namna ile.

"Bi Zamfira," akaita, "niazime mwavuli, jua linanichubua."

"Chukua koti, Terente. Mwavuli hautakufaa."

"Umenifungia mwaka wangu wote na ndoo ya kufulia soksi. Mungu anakuona."

"Ananiona leo. Saa nane hatakuona wewe."

Watu walicheka, na aliyechekwa ni Bi Zamfira. Saa sita Terente aliwasha mota ya mashua yake, akapita chini ya bendera nyekundu akiipungia mkono, akaenda. Alikuwa peke yake, hana dira. Dira, alisema, ni ya wageni.

Saa saba mkurugenzi wa wakati ule, Bw. Negulici, alipiga simu. Alikuwa anafoka hivi kwamba sikuhitaji kusogea ili nisikie. "Zamfira, niko nje na shati. Boya jipya linakwambia kumi na moja, na wewe umefunga bandari kwa ndoo. Ikifika saa tisa bila ukungu, utashusha bendera, utaomba radhi redioni, na kesho unahamia masjala."

"Sawa, Mkurugenzi. Saa tisa."

Akaweka simu, akanigeukia. Aliuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionitia baridi, "Leonte, boya ulilisafisha lini?"

Nilikuwa nimelisafisha wiki iliyotangulia. Na pale pale, nikiwa nimeshika kikombe cha chai, nikakumbuka. Nilipolirudisha boya nilifunga waya wa kipimajoto ndani ya kifuniko, ili usinining'inie mikononi, na sikuufungua tena kuuteremsha majini. Boya lilikuwa linapima hewa iliyo ndani ya kisanduku cha chuma kilichoanikwa juani. Nikamwambia. Nilidhani atampigia mkurugenzi palepale ajiokoe, na mimi nifungashe. Hakupiga. Alisema, "Kwa kuwa tumemwona Terente akiondoka, tumpigie yeye kwanza." Tukaita kwenye redio ya mashua. Terente alikuwa ameizima redio yake tangu alipoona bendera.

Saa nane upepo uligeuka. Saa tisa kasorobo ukungu ulifika. Ulimeza mnara wa taa, ukameza gati, watu wakawa wanaitana majina wakiwa wamesimama bega kwa bega. Hakuna aliyecheka tena. Binti yake Terente alikuwa kati yao, akiuliza kila mtu baba yake yuko wapi, na kila mtu alijua.

Bi Zamfira alishuka na ndoo. Alimpokonya Padri Ilarion nyundo ya mbao mkononi, akaenda hadi mwisho wa gati, akaigeuza ndoo kichwa chini, akapiga. Watu nao wakaanza kupiga nyundo zao, kila mmoja lake, kelele tupu. Akawazuia. "Tatu, kisha kimya. Mkipiga ovyo atasikia kelele mji mzima, asijue aje wapi. Tatu, kisha kimya." Watu sitini, wengi wao wakiwa wameshafika kikombe cha ishirini, wakapiga kwa pamoja. Mji huu haukuwa umekubaliana juu ya jambo lolote tangu kituo kijengwe. Tatu, kisha kimya, kwa saa moja na nusu. Mikono ilichubuka. Bi Zamfira hakupokezana na mtu. Nilimwomba nimpokee, akanijibu, "Wewe shika kamba," ingawa kamba haikuwa na kazi yoyote wakati ule. Nikaishika.

Saa kumi na robo mashua iligonga gati, na kitu cha kwanza tulichosikia ni Terente akiuliza nani ameleta ukungu huu. Binti yake alimrukia shingoni, akamlamba kofi, akamkumbatia. Bi Zamfira alitazama ndoo. Kitako kilikuwa kimetoka. Ya siku hizi ni nyingine; ile ndiyo iliyotundikwa juu ya mlango wetu, ambayo wageni huuliza kama kuna paa linalovuja.

Kwenye ripoti aliandika maneno manne: boya lilipata hitilafu, limerekebishwa. Bw. Negulici hakuuliza zaidi, naye sasa amestaafu analima zabibu, kwa hiyo leo naandika wazi: hitilafu ilikuwa mimi. Nilimwuliza Bi Zamfira ananidai nini kwa kunyamaza kwake. Alisema, "Kila mwaka Bibi wako atakuwa tarehe tisa. Hutachagua nyingine, na hutaniuliza itakuwaje." Nimeishi hivyo miaka ishirini na sita. Nimepata theluji mara nane, upepo wa kung'oa mabati mara tano, na mwaka 2011 nilipata vyote kabla ya saa sita. Kila mara, alipopita mezani kwangu, alinipa pole kwa sauti ya msiba na kwenda kucheka kwenye chumba cha rada, ambacho hakina mlango mzito kama anavyodhani.

Mwezi uliopita Mzee Terente alipanda ngazi zetu akiwa na sufuria ya supu ya samaki. Alisikia naandika. Akasema, "Andika kwamba niliisikia ndoo kwanza, kabla ya nyundo. Lakini usiandike kwamba nilikuwa nalia." Nimeandika yote mawili, Mzee. Kumradhi.

Kuna jambo moja la mwisho. Mwisho wa Februari nilikuta karatasi juu ya meza yangu, ya mwandiko wake. Ilisema, "Leonte, deni limekwisha. Mwaka huu chagua mwenyewe. Mimi yangu ni ileile ya siku zote, toka 1998." Kwa hiyo dau la chupa nimelishinda mimi, na kumbe miaka yote hiyo theluji ilikuwa inatunyeshea wawili. Rada ilikuwa hatua tatu kutoka nilipo, na sikuiangalia. Nimechagua tarehe tisa.

Bi Zamfira, kituo kizima kinakushukuru, na wavuvi nao, hata wasiokubali kusema, wanakushukuru. Ulale hadi saa tatu asubuhi, ule keki bila kuombwa kitu, na uishi siku nyingi zenye afya na furaha. Kamba ninayo mimi sasa. Nimeshateremka nayo leo asubuhi, saa moja, nimesubiri dakika tatu kwa kutaja jina langu tu, mara nyingi.

Wageni waalikwa: sherehe itafanyika gatini, kama ilivyopangwa. Ndoo imesema nyuzi tano. Njooni na makoti, na kila mtu aje na nyundo yake.

Leonte Sârbu
Fundi Mkuu wa Ala