Kibao Nilichomvika Mama wa Shituru

Wandugu, mnivumilie nikisoma. Mkinitazama wote hivi, maneno yananikimbia, kwa hiyo nimeyaandika katika daftari, polepole, juma zima.

Mnakumbuka parokia ilipotafuta vijana wa kufundisha kina mama Kifaransa. Mimi nina shule ya msingi tu, lakini nilipokelewa kwa majaribio ya mwezi mmoja. Mzee aliyetufunza ualimu alikaa nyuma ya darasa akiandika. Yeye ndiye angesema kama nafaa.

Siku ya kwanza sauti haikutoka, chaki ikaniponyoka. Mama mmoja akauliza, "Papa mwalimu, ni chaki iko naogopa, ao ni weye?" Wakacheka wote. Hawakucheka kwa ubaya, ila mimi niliumia.

Nikataka waniogope. Nyumbani nikachonga kibao, nikakitia kamba. Ninyi mliosoma hapa Likasi mnakijua: ukisema Kiswahili darasani unavikwa shingoni, unakaa nacho mpaka mwenzako akosee. Utotoni nilikivaa sana. Mwishoni nikaacha kusema kabisa, na nadhani haya yangu ilianzia pale. Ndugu zangu, nawaambia, nilijua kinavyouma na bado nilikichonga.

Kesho yake mama mmoja wa mtaa wa Shituru, aliye sawa na mama yangu kwa umri, alimwuliza jirani yake kwa Kiswahili namna ya kumwambia daktari kwamba mgongo unauma. Daktari wa hospitali ya kampuni ya madini hakujua Kiswahili. Nikamwendea na kibao. Yule mama akainamisha kichwa mwenyewe, nipate kumvika vizuri.

Hakuna aliyekosea tena kwa sababu hakuna aliyesema tena. Yule mama alikaa nacho mpaka mwisho wa somo, akakiweka mezani kwangu, akaenda. Siku mbili hakurudi.

"Sitwayeni," mzee akaniambia, kama ofisa amwitavyo raia, na hakuwa na kawaida ya kuniita hivyo, "darasa lako limetulia. Wamejifunza nini?"

Nikakichukua kile kibao mezani.

"Basi nenda Shituru. Usinirudie hapa kabla ya kwenda kule."

Nilimkuta yule mama uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisimama na kibao mkononi kama mwizi. "Mama, nilikosa," nikasema.

Hakuacha kutwanga. "Mutoto yangu, bwana yangu alinicheka, watoto walinicheka, minye nikakuja tu darasani. Lakini weye, weye nilikuita mwalimu."

Nililia, wandugu. Sifichi. Akakichukua kibao akakitia katika jiko lake la mbabula, juu ya makaa, akateleka sufuria ya maji, akashika mchi tena. Kisha akasema, "Sasa niambie. Mgongo unaniuma, ni namna gani?"

"J'ai mal au dos."

Akarudia kila mchi uliposhuka, mpaka maneno yakakaa. Nadhani hilo ndilo somo langu la kwanza.

Alirudi darasani. Mzee aliniongezea mwezi mwingine wa majaribio, na ilikuwa haki. Namshukuru kwa kunituma. Nawashukuru kina mama waliokubali kunisikiliza tena. Ninyi vijana mtakaofundisha, mtu mzima akikubali kukosea maneno mbele yako, amekuamini kuliko unavyostahili. Usimwaibishe.

Yule mama alikwenda hospitali peke yake, akasema, na daktari akaelewa. Leo yumo humu ndani, jina lake silitaji. Amenisamehe zamani. Ila tukisimama kuomba na yeye akainamisha kichwa kama siku ile ya kibao, mimi hutazama chini.