Bi Keziah Pargeter Anawaaga Marehemu Wake

Jumamosi hii, Septemba 30, 1893, Bi Keziah Pargeter anastaafu baada ya kuitumikia karakana ya Tranter, hapa Birmingham, kwa miaka thelathini na minane. Amewashika vichwa marehemu wengi kuliko kasisi yeyote mjini.

Alianza kwa kuchemsha nywele za marehemu, zilizoletwa na jamaa zao, katika maji ya magadi, akapanda hadi meza ya duara, ambako nywele hufungwa vipande vizito vya madini ya risasi ili zinyooke, na kusukwa kuwa bangili, pete na mikufu ya maombolezo. Biashara ilikuwa tamu. Majira ya baridi yakipita bila homa, Bwana Enoch Tranter, mwenye karakana, alilalamika waziwazi: "Mwaka huu watu wana afya mno!"

Mwaka mmoja, mwezi Machi, Bi Lavinia Hadley, mke wa muuza makaa ya mawe, alileta nywele za mumewe mahututi, Ambrose. Daktari alisema hamalizi wiki. Kwa kuwa mchora maandishi wetu alikuwa na foleni, mama huyo akaagiza kidani cha nywele hizo kichorwe maandishi mapema: "Ambrose wangu, aliyefariki Machi."

Aprili, Ambrose aliingia dukani kwa miguu yake, kidani mkononi, uso umemwiva.

"Nani kaniua humu?"

Bwana Tranter alijitosa nyuma ya pazia. Bi Keziah akabaki peke yake na hasira za mteja, sifa ya karakana na ndoa ya watu.

"Mkeo alikuja hapa analia, bwana, mpaka nikamshika mkono asianguke," alimwambia. "Aliogopa kubaki bila chochote chako."

Ambrose aliketi. Akakigeuza kidani, akapangusa macho.

"Basi nisukie na mimi. Nywele zake."

"Marehemu alifariki lini?" pazia likauliza.

"Bado! Acha nafasi."

Wawili hao wapo hadi leo, na kila Jumapili huingia kanisani kila mmoja amemvaa mwenzake.

Siku hizi vijana wanaona kinyaa kuvaa nywele za bibi zao, wanataka picha. Bwana Tranter amemzawadia Bi Keziah saa ya mezani, kisha akamwomba shungi la nywele, lipambe dirisha la duka. Bi Keziah aliishusha kofia hadi masikioni.

"Bado nazitumia, bwana."

Asante kwa yote, Bi Keziah. Kapumzike salama, uishi miaka mingi, na nywele zako zikae kichwani.