Barua Niliyomficha Latai

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu, maana sauti niliyobaki nayo haifiki mbali, na haya nitakayoyasema sitayarudia. Latai, wewe keti hapa mkekani, penye kichwa changu. Paea, najua desturi haikuruhusu kukaa chumba kimoja na dada yako, na mimi ndiye niliyekufunza hivyo tangu ulipoanza kuota ndevu. Basi keti hapo kizingitini, mgongo uupe nje ukitaka, lakini masikio yaache ndani. Toakase, mjukuu wangu, weka hicho kikombe chini. Sitaki maji. Miaka thelathini na minane nimewagawia watu dawa kisiwani hapa, kila kidonge ninachomeza nakijua jina na kazi yake, na najua kwamba vyote vimefika mwisho wa uwezo wao. Figo zimetangulia, mimi nazifuata. Msinidanganye, wala msijidanganye.

Nianze na mali, maana ni kidogo na haina ugomvi. Shamba la vanila na viazi vikuu ni lako, Paea, kwa sheria ya nchi, wewe mwana wa kiume wa kwanza, na mimi sina la kuongeza wala la kupunguza. Lakini nyumba hii dada yako asitolewe, wala asiulizwe anakaa kwa nini, hata mkeo akisema mnabanana. Mikeka ya marehemu mama yenu, ile mizuri iliyokunjwa juu ya dari, yote ni ya Latai, isipokuwa mmoja wa kunifunikia mimi. Mizani yangu ya shaba na kinu cha kusagia dawa mpeni Toakase.

Sasa nisikilizeni hili la pili, ambalo ndilo lililonifanya nikatae kufa juzi.

Mimi niliingia chumba cha dawa nikiwa na miaka kumi na saba, sikuingia kwa mlango wa mbele. Niliingia kuosha chupa. Mzee Vuna, aliyekuwa mgawa dawa zamani hizo, aliniona sivunji chupa akanifundisha kuhesabu vidonge vitano vitano kwa kijiko bapa, na nikikosea alinichapa nacho juu ya vifundo vya vidole, akisema, “Hapo umeua mtu, Semisi. Hesabu tena, umfufue.” Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Nilijua dawa kwa rangi, kwa harufu, kwa mahali zinapokaa kwenye rafu. Kwa nini dawa inafanya kazi, au kwa nini leo imekataa kufanya kazi, hayo sikuyajua, na nilijifunza kuyafunika kwa kunyamaza na kukunja uso, hata watu wakadhani kimya changu ni elimu.

Kisha akarudi Uate kutoka chuoni Suva, ng'ambo ya bahari, mfamasia wa kwanza wa kisiwa chetu mwenye shahada, kijana wa miaka ishirini na minne, mashati yake yamepigwa pasi. Wiki ya kwanza tu alinishika mkono mbele ya foleni ya wagonjwa akaniambia, kwa adabu kabisa, “Mzee Semisi, samahani, hizi dawa mbili hazikai ndani ya mtu mmoja.” Alikuwa sahihi. Nilimchukia kwa sababu alikuwa sahihi. Miaka ishirini na saba sijanywa naye kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, kwenye duara moja, na watu walidhani ni jambo la mpaka wa shamba. Halikuwa na mpaka wala shamba. Lilikuwa ni hilo.

Na wewe, Latai, ndiwe uliyekuwa ukikaa naye kila Jumatano baada ya shule, ukimwuliza njia ya kuwa mfamasia. Nilikuwa nyuma ya pazia nikibandika lebo, nikimsikia anakupangia: umalize kidato cha saba, kile cha mwisho, kemia na biolojia na hesabu zote ziwe safi, mwaka mmoja wa matayarisho, kisha miaka minne ya shahada kule Suva, kisha mwaka mzima wa kufanya kazi chini ya jicho la mfamasia mwingine, maana hata mwenye shahada haachwi peke yake na rafu, mwisho mtihani wa baraza la wafamasia, na ndipo upewe leseni. Ukamwambia, “Ni miaka mingi hivyo?” Akakujibu, “Miaka itapita tu, Latai, usome usisome.” Ukacheka. Kicheko kile kilinichoma.

Ukaandika maombi ya ufadhili, Uate akakusahihishia. Ulikuwa wa kwanza katika kemia visiwa vyote, na mimi nikasema hakuna jibu litakalokuja, huko mjini wanapeana wao kwa wao.

Latai, mwanangu, jibu lilikuja.

Ngoja. Usiniguse, niache niseme.

Lilikuja kwenye sanduku la posta la hospitali, mwezi wa kumi na moja, ndege ya Jumanne. Bahasha ya rangi ya udongo, jina lako limepigwa chapa. Niliifungua nikiwa nimesimama pale pale posta. Umepewa nafasi, nauli, malazi, kila kitu; jibu kabla ya Krismasi. Nikaikunja mara nne, nikaiweka chini ya droo ya lebo za zamani, na Krismasi ikapita. Uliponiuliza nikasema hawajajibu. Uate alipowapigia simu mwezi wa pili wakamwambia nafasi ilikosa mwenyewe, naye akaja kwangu, nami nikamwambia binti yangu amebadili nia, anamwuguza mama yake, asikuaibishe kwa kukuuliza. Akaniamini. Ni mtu mwema, yule. Hakukuuliza kamwe, nawe ukadhani amekutupa.

Miaka yote nimejiambia nilifanya hivyo kwa ajili ya mama yenu. Kalolaine alikuwa amekatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, mguu wa pili ulikuwa unaanza, na hapakuwa na mikono mingine nyumbani ila yako. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba niliona siku utakaporudi umevaa koti jeupe, ukanishika mkono mbele ya foleni, ukaniambia, “Baba, samahani.” Sikuweza kulibeba hilo. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake; mimi niliivuta hadi ngozi ikapasuka.

Na wewe Paea, dhambi hiyo hiyo ilikuangukia wewe pia. Kwa kuwa nilitaka jina la mfamasia liwe la nyumba hii bila kuwa la Latai, nilikusukuma wewe, uliyekuwa unapenda mashua na mashine, nikakutia kwenye mwaka wa matayarisho kama mtu anayetia punda jahazini. Ukaanguka kemia mara mbili, na ulipopiga simu ukilia nilikwambia usirudi nyumbani. Ukaenda kuchuma matufaha New Zealand miaka tisa. Nilikuita mvivu mbele ya wazee wa kanisa. Hukuwa mvivu. Ulikuwa unatembea kwa viatu vya dada yako.

Bado kuna moja, kisha nitanyamaza. Mnamkumbuka mtoto wa Vaisioa, yule aliyekuwa na ugonjwa wa moyo? Kanisani mchungaji alinitaja kwa jina kwamba jicho la Mzee Semisi limemwokoa mtoto, nami nikasimama, nikainamisha kichwa. Lilikuwa jicho la Latai. Alikuwa akinisaidia chumba cha dawa kwa cheti kile kifupi tu cha msaidizi, cha miezi sita, lakini aliisoma karatasi ya daktari akaniambia, “Baba, nukta imekwenda wapi? Hiki ni kipimo cha watu kumi.” Nikamwambia, “Ameandika daktari. Wewe jaza chupa.” Akaiweka chupa mezani, akaenda wodini kwa miguu yake, akamwonyesha daktari, naye daktari akaketi chini akashika kichwa. Mimi nilijua kuhesabu, Toakase. Kusema hapana kwa mtu mwenye kalamu, hicho Vuna hakunifundisha, na ndicho watu wanachokifuata ile miaka minne. Shangazi yako alizaliwa nacho, mimi nikamwibia mahali pa kukipeleka.

Barua iko kwenye Biblia yangu. Niliihamisha nilipostaafu. Ichukue, Latai.

Sema kitu.

Unasemaje? Sema kwa nguvu kidogo, mwanangu, sikio hili limeziba.

...Mmesikia alichosema? Amesema, “Ungeniomba tu, Baba, ningebaki.”

Mwacheni aende. Paea, usimfuate, na wewe Toakase, kaa. Mwacheni. Amekwenda jikoni, nasikia vyungu. Msimwombe anisamehe. Hata nikishazikwa, asije mtu yeyote, hata mchungaji, kumwambia marehemu alikuwa na nia njema. Nia yangu nimewaambia.

Hebu niinueni kidogo. Hapo. Pumzi inakatika.

Sasa maagizo. Paea, nimesikia umempangia Toakase aende mashambani ng'ambo akimaliza shule, kwa sababu wewe kemia ilikuvunja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtoto ana alama, na mwaka huu ameomba nafasi Suva. Vanila ya shamba lako imsindikize. Barua yake ikija, ifunguliwe na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na mtu mwingine yeyote asiiguse, hata wewe baba yake.

Na Latai ana miaka arobaini na mitano. Nimemwita Uate wiki iliyopita, alikuja, akaketi hapo hapo ulipoketi wewe, nikamwambia yote. Kisha akasema wapo watu wazima wanaopokewa kwa cheti cha msaidizi na miaka ya kazi, kwanza stashahada, halafu shahada, na kwamba fomu atamletea. Kama atazijaza au atazichoma moto jikoni, ni juu yake. Asije mmoja wenu kumwambia amechelewa. Aliyemchelewesha yuko hapa amelala. Siku ya maziko yangu, Uate apewe kikombe cha kava kabla ya ndugu zangu, na mkiulizwa kwa nini, semeni ndivyo nilivyoagiza.

Nani amezima... hapana, ni macho. Haya.

Paea, njoo. Ingia, mwanangu, dada yako hayupo chumbani, desturi haivunjiki. Nipe kichwa chako. Mungu akupe mashua isiyovuja na watoto wanaokupigia simu. Nilikwambia usirudi nyumbani. Leo nakwambia... rudi.

Toakase. Mkono wako u wapi? Unangoja nikubariki uende. Siwezi, mjukuu wangu. Kwetu sisi shangazi ndiye mwenye kubariki watoto wa kaka yake, na akinuna, hakuna babu wala mchungaji anayeweza kulitengua hilo. Baraka ya njia hii ni yake, nami sina hata chembe yake ya kukupa. Nenda jikoni. Piga magoti, hata kama sakafu ina maji. Usimtaje babu. Mwambie unataka kusoma dawa, na unaomba ruhusa yake.

Nenda sasa. Mimi nimemaliza.

Acheni mlango wazi.