Ndola Aliyeinyima Malaria Chakula

Telesphor alisimama awaonyeshe kwamba malaria imeshindwa. Akatunisha kifua, magoti yakagoma, akatumbukia makalio ndani ya ndoo ya Kasimu, muuza kahawa, ya kuoshea vikombe. Kijiwe cha taruma la reli, gogo kuukuu walilokalia jirani na stesheni ya Mpanda, kikaangua kicheko. Walimwita Ndola, kama mji wa Zambia, kwa kuwa alizunguka huko miaka mingi, akarudi na suruali moja na hadithi gunia zima. Mpya ya leo: vidonge vya klorokwini anameza, chakula amesusia.

— Mdudu anakula ninachokula, alisema, akijikamua suruali. Nikifunga jiko, atahama. Mgeni siku mbili, ya tatu mnyime ugali!

— Ya tatu mpe jembe, akasema Kasimu, akiisikitikia ndoo yake.

— Jembe la nini, naye yumo kwenye damu?

Ladislas, fundi redio, akaweka kikombe chini.

— Kaka, redioni walieleza. Kwenye damu mna askari, chembe nyeupe. Wakiitwa vitani wanachoma sukari haraka haraka, ndipo wanazaliana, ndipo wanaunda silaha. Wewe umefunga jiko la kambi yako!

— Askari wangu wamezoea shida. Halafu wana akiba ya mafuta hapa!

Akajipiga tumbo. Wiki iliyopita lilikuwepo.

— Mafuta ni chakula cha mlinzi wa geti, asiye na haraka. Vita vya ghafla vinataka sukari.

Ngolo, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akakohoa.

— Kwetu ng'ombe mgonjwa akigoma kula, tunamshika pembe, tunamnywesha uji kwa chupa.

— Mimi ng'ombe, Ngolo?

— Ng'ombe hakalii ndoo.

Ndola akacheka nao, ila kahawa yake hakuigusa. Hakuwaambia kwamba kila kijiko cha uji kilirudi, na kwamba aliona aibu kutapika tena mbele ya mkewe.

Mkewe, Esteria, alikuwa nyuma yao na sufuria ya uji tangu habari za ng'ombe.

— Baba Method, hao askari wako leo wamekula nini?

Ladislas akakimbilia kikombe chake.

— Sili! Ndola alishika taruma kwa mikono miwili. Nimeshasema sili, nyie mtanifanya nini?

Esteria hakumtazama.

— Shemeji Ngolo, lete chupa.